Ubia wa Sayansi na Kampuni: Nani Anamshauri Mkulima?

Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wawakilishi wa wafadhili. Imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu katika kipindi hiki cha maandalizi ya mashamba na kuja kutusikiliza. Tumepewa nafasi ya kuzungumzia ubia kati ya mashirika ya taarifa za kisayansi na kampuni binafsi. Kichwa hiki kinaweza kuonekana ni cha wasomi wa vyuo vikuu, lakini kinatuhusu moja kwa moja, na tutaeleza kwa nini.

Mezani kwetu ipo barua. Kampuni moja ya pembejeo imejitolea kulipia uchapaji wa vipeperushi vyote vya mahindi tunavyogawa katika sharika, pamoja na mafunzo ya viongozi wa vikundi vya wakulima, kwa muda wa misimu mitatu. Kwa upande wake inaomba mambo matatu: picha za bidhaa zake ziwemo katika vipeperushi, maofisa wake waendeshe mafunzo hayo, na ipatiwe orodha ya majina na namba za simu za wanavikundi. Wakati huohuo, ruzuku inayolipia vipeperushi hivyo inafikia kikomo mwishoni mwa mwaka huu. Kwa hiyo kila kamati iliyopo hapa itatakiwa kutoa maoni yake kabla ya msimu kuanza.

Ofisini kwetu tumejiuliza: je, wapo waliotutangulia katika njia hii, ambao uzoefu wao unaweza kutusaidia? Wapo. Leo tutazungumza hasa juu ya shirika moja, CABI, ambalo kazi yake ni taarifa za sayansi ya kilimo na mazingira, na ambalo kwa miaka mingi limeshirikiana na kampuni za aina mbalimbali.

CABI ni nani?

Shirika hili lilianza mwaka 1910 mjini London kama kamati ya utafiti wa wadudu wa Afrika ya kitropiki. Wakati huo maofisa waliokuwa katika makoloni walikuwa wakituma Uingereza wadudu waliowakuta mashambani na katika mifugo, ili wataalamu wawatambue na kueleza madhara yao. Mwaka 1913 kamati hiyo iligeuzwa kuwa ofisi ya kudumu, ikaanza kuchapisha jarida la muhtasari wa tafiti za wadudu zilizofanyika duniani kote. Mtafiti aliyekuwa mbali na maktaba kubwa aliweza kufahamu wenzake wamegundua nini.

Leo CABI ni shirika la kimataifa lisilogawa faida, linalomilikiwa na nchi wanachama zinazokaribia 50, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Kituo chake cha Afrika kipo Nairobi. Linachapisha vitabu, linatunza hazina kubwa ya muhtasari wa tafiti za kilimo, na linaendesha miradi vijijini. Ada za nchi wanachama ni sehemu ndogo tu ya mapato yake. Sehemu kubwa inatokana na machapisho linayouza na miradi inayolipiwa na wafadhili. Hivyo shirika hili, kama lilivyo letu, haliwezi kuishi bila kutafuta washirika, na baadhi ya washirika hao ni kampuni.

Tumechagua mifano michache ya ushirikiano huo. Kila mmoja una jambo la kutufundisha kuhusu barua iliyo mezani.

Kuvu inayoua nzige

Mfano wa kwanza ni wa nzige. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nzige wa jangwani waliivamia Afrika kuanzia nchi za Sahel, na mamilioni ya hekta yalipuliziwa sumu kali za kemikali. Wafadhili na wanasayansi wakauliza kama hakuna njia nyingine. Mwaka 1989 ulianzishwa mpango wa utafiti uliofahamika kwa kifupi cha jina lake la Kifaransa, LUBILOSA. Walioungana ni CABI, taasisi ya kilimo cha kitropiki IITA kupitia kituo chake cha Benin, na wataalamu wa nchi za Sahel. Fedha zilitoka Kanada, Uholanzi, Uswisi, Uingereza na Marekani.

Walichotafuta ni kuvu ya asili inayowashambulia nzige na panzi. Chembechembe za kuvu hiyo hunata juu ya ngozi ya nzige, zikaota, zikapenya ndani na kukua humo mpaka mdudu akafa. Wanasayansi wengi waliamini kwamba kuvu haiwezi kufanya kazi mahali pakavu. Mpango huo ulionyesha kwamba chembechembe zikichanganywa na mafuta badala ya maji, zinafanya kazi hata katika hali ya hewa ya Sahel. Kuvu iliyochaguliwa ilipatikana kwa panzi mgonjwa nchini Niger. Gramu 50 za chembechembe zake zinatosha hekta moja. Haiui papo hapo kama kemikali. Huchukua wiki moja hadi tatu. Faida yake ni kwamba inawalenga nzige na panzi, na haiachi sumu kwenye maji, malisho wala samaki.

Sasa tunafika kwenye kampuni. Wanasayansi walikuwa na kuvu katika chupa za maabara, lakini maabara haiwezi kutengeneza tani za chembechembe, kuzifungasha, kuzisajili kwa mamlaka za serikali na kuzisafirisha. Kazi hiyo ni ya kiwanda. Wakatoa leseni kwa kampuni ndogo ya Afrika Kusini, Biological Control Products, nayo ikaanza kutengeneza dawa iliyopewa jina la Green Muscle. Utafiti wenyewe ulilipiwa na fedha za umma kwa zaidi ya miaka kumi. Kampuni iliingia mwishoni, ikiwa na mashine na ujuzi wa soko.

Je, ubia huo ulizaa matunda? Ulizaa, na matunda hayo yalionekana hapa nyumbani. Bonde la Rukwa, mbuga za Iku-Katavi na bonde la Malagarasi ni maeneo yanayojulikana tangu zamani kwa mazalia ya nzige wekundu. Mwaka 2009 nzige hao walizaliana kwa wingi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, kwa kushirikiana na shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu lenye makao yake Ndola, Zambia, lilipulizia Green Muscle katika maeneo hayo. Ni maeneo oevu yenye wanyamapori, wavuvi na wafugaji, ambako sumu kali ingeleta madhara makubwa. FAO ilieleza kwamba ilikuwa mara ya kwanza dawa ya kibiolojia kutumika kwa kiwango kikubwa hivyo dhidi ya nzige barani Afrika, na kwamba bila hatua hiyo mazao ya chakula ya watu wapatao milioni 15 katika ukanda huu yangeweza kuathirika. Mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoenea Pembe ya Afrika na Kenya, Somalia nayo ilitumia dawa za kuvu ya jamii hiyohiyo ili kulinda mifugo na malisho.

Lakini habari hiyo ina upande wa pili, na wajumbe wa kamati tunaomba mwuangalie kwa makini. Nzige hawaji kila mwaka. Wanaweza kukaa kimya miaka kumi, kisha wakafumuka katika mwezi mmoja. Kampuni inahitaji mnunuzi wa kila mwaka. Chembechembe za kuvu ni viumbe hai. Zinahitaji ubaridi, na haziwezi kukaa ghalani miaka mingi zikisubiri janga. Kati ya mwaka 2003 na 2005 nzige wa jangwani walirudi Sahel, na takriban hekta milioni 13 zilipuliziwa. Utafiti ulikuwa umekamilika na dawa ilikuwepo, lakini haikuwa tayari kwa wingi uliohitajika, na karibu kote zilitumika kemikali. Baadaye kampuni yenyewe ilinunuliwa na kampuni kubwa zaidi, nayo hiyo ikanunuliwa na nyingine kubwa zaidi.

Somo la kwanza basi ni hili. Sayansi nzuri na kampuni yenye nia njema havitoshi. Lazima awepo mtu anayelipa hata pale biashara isipolipa. Kwa upande wa nzige mtu huyo ni serikali na jumuiya ya kimataifa, kwa sababu nzige ni janga la wote. Kampuni haikukosea kutafuta faida. Ndiyo kazi yake. Tatizo hutokea pale sisi wengine tunapodhani kwamba kampuni ikishaingia, wajibu wetu umekwisha.

Kampuni inapolipia taarifa

Katika mfano huo kampuni ilitengeneza bidhaa iliyotokana na sayansi. Kuna ubia wa aina nyingine, ambapo kampuni inachangia gharama za taarifa zenyewe. Huu ndio unaofanana zaidi na barua yetu.

Katika miaka ya 1990 CABI ilitaka kukusanya katika chombo kimoja maelezo ya wadudu, magonjwa na magugu ya mazao yote makuu duniani: picha, ramani za mahali yanapopatikana, na njia za kuyadhibiti. Kazi hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Wakaunda umoja wa wachangiaji ambamo serikali, taasisi za utafiti na kampuni binafsi waliketi pamoja, na matokeo yake yakatolewa kwanza kwenye diski za kompyuta na baadaye kwenye intaneti. Hapakuwa na mchangiaji mmoja mwenye kauli juu ya kitabu kizima. Maelezo yaliandikwa na wataalamu na kupitiwa na wataalamu wengine.

Mfano wa karibuni ni tovuti ya CABI kuhusu dawa za kibiolojia, iliyozinduliwa mwaka 2020, Kenya ikiwa miongoni mwa nchi za kwanza kuingizwa. Mkulima au afisa ugani anachagua nchi, zao na mdudu, kisha anaoneshwa dawa za kibiolojia zilizosajiliwa katika nchi hiyo. Haitozwi ada. Miongoni mwa waliochangia kuianzisha ni Koppert ya Uholanzi, kampuni inayouza wadudu rafiki na dawa za kibiolojia. Ni wazi kwamba kampuni ya namna hiyo inanufaika wakulima wakizifahamu dawa hizo. Mkono mtupu haulambwi, na hatuoni ubaya katika hilo mradi lisemwe wazi. Jambo la kuangalia ni kwamba orodha ya dawa inatokana na usajili wa serikali ya nchi husika. Mchangiaji hawezi kuingiza dawa isiyosajiliwa.

Nchini India CABI ilishirikiana na kampuni ya teknolojia, Handygo, katika huduma ya simu iliyoitwa mKisan. Wakulima walipata ushauri kwa sauti na ujumbe mfupi kwa lugha zao. Kampuni ilileta mitambo na mikataba na kampuni za simu. Wataalamu walileta maudhui. Mgawanyo wa kazi ulieleweka tangu mwanzo.

Somo la pili linatokana na mifano hii mitatu. Fedha za kampuni zinaweza kulipia karatasi, mitambo na usafiri bila kuharibu taarifa, iwapo neno la mwisho juu ya kilichoandikwa linabaki kwa wasiouza kitu.

Mlango uliofunguliwa kwa hisani

Kwa somo la tatu inabidi tutoke kidogo kwa CABI peke yake. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilikubaliana na wachapishaji sita wakubwa wa kibiashara kwamba vyuo na hospitali za nchi maskini zisome majarida yao ya tiba bure au kwa ada ndogo. Mpango huo unaitwa Hinari. Mwaka 2003 FAO ikaanzisha mpango kama huo kwa kilimo, AGORA, na kitengo cha machapisho cha CABI kilikuwa miongoni mwa wachapishaji walioanza nao. Taasisi za Tanzania zimo katika kundi linalopata huduma hizo bila malipo. Ni msaada mkubwa, kwa kuwa jarida moja la kisayansi linaweza kugharimu kwa mwaka zaidi ya mshahara wa mwalimu.

Mwezi Januari 2011 madaktari na watafiti wa Bangladesh walijulishwa kwamba majarida ya baadhi ya wachapishaji wakubwa hayatapatikana tena kwao kupitia Hinari. Wachapishaji hao walikuwa wameanza kupata wateja wa kulipa katika nchi hiyo. Yalitokea malalamiko makubwa, majarida ya tiba yenye heshima yakaandika kulaumu, na wachapishaji wakarudisha huduma. Ni vizuri kwamba walisikia. Hata hivyo, kwa kipindi hicho daktari wa Dhaka alifahamu kwamba maarifa aliyoyategemea yalikuwa kwake kwa hisani ya mtu, na mwenye hisani anaweza kubadili nia.

Sisi pia tujiulize: kampuni ikiondoka baada ya msimu mmoja badala ya mitatu, vipeperushi vitakuwa vya nani? Michoro na maandishi yatabaki kwa nani? Mali bila daftari hupotea bila habari. Yote hayo yaandikwe katika mkataba kabla ya shilingi ya kwanza kupokelewa.

Ushauri na duka

Mfano wa mwisho unarudi kwa CABI na unagusa kazi tunayofanya kila wiki. Mwaka 2011 shirika hilo lilizindua mpango wa Plantwise, uliofika katika nchi zaidi ya 30, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Kiini chake ni kliniki za mimea. Meza inawekwa sokoni au mahali watu wanapopita. Afisa ugani aliyepewa mafunzo, anayeitwa daktari wa mimea, anakaa hapo. Mkulima analeta jani lililotobolewa au muhogo uliooza. Anaulizwa maswali, anaambiwa tatizo ni nini, na anapewa ushauri ulioandikwa.

Ushauri huo una utaratibu. Kwanza kuzuia tatizo, kisha njia zisizohitaji dawa, na dawa za kemikali zikitajwa, zile zenye sumu kali zaidi na zilizopigwa marufuku kimataifa hazimo. Daktari wa mimea hauzi dawa mezani pake. Mkulima anayeshauriwa ang'oe mimea michache na kuichoma hana cha kununua, na hakuna muuzaji ambaye angefaidika kwa kumpa ushauri huo.

Umuhimu wa utaratibu huo ulionekana viwavijeshi vamizi walipoingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Mwaka 2017 CABI ilikadiria kwamba bila udhibiti, nchi 12 za Afrika zingeweza kupoteza kati ya tani milioni 8.3 na tani milioni 20.6 za mahindi kwa mwaka. Wengi wenu mnakumbuka hofu iliyokuwepo. Wakulima walinunua chupa yoyote waliyooneshwa, wakachanganya dawa mbili au tatu katika bomba moja, wakapulizia viwavi waliokwisha kujificha ndani ya mmea ambako dawa haiwafikii. Mtu mwenye hofu ni mteja rahisi. Wakati kama huo ndipo anapohitaji mshauri ambaye hana duka.

Hatusemi wenye maduka ya pembejeo ni maadui. Mkulima huenda dukani mara nyingi zaidi kuliko anavyomwona afisa ugani, na programu ya sasa, PlantwisePlus, inawafundisha pia wauzaji wa pembejeo watoe ushauri bora na kujikinga na sumu. Hilo ni jambo jema. Tunachosema ni kwamba mkulima afahamu anapoongea na muuzaji, na afahamu anapoongea na mshauri.

Tujibu nini?

Ndugu zangu, sasa turudi kwenye barua.

Kipeperushi kinachogawiwa usharikani hakisomwi kama tangazo la biashara. Mama anayekipokea mlangoni baada ya ibada anaamini kwamba kimetoka kwa watu wanaomtakia mema na wasiomwuzia kitu. Imani hiyo imejengwa na wazee wetu kwa miaka mingi, katika shule, zahanati na visima. Kampuni inaifahamu thamani yake, na ndiyo sababu imetuandikia sisi. Hatuwezi kuiuza imani hiyo kwa gharama ya uchapaji wa misimu mitatu. Lakini pia hatuwezi kuacha wakulima bila vipeperushi kwa sababu tu hatupendi kuketi na wafanyabiashara.

Kwa hiyo ofisi ya miradi inapendekeza tukubali kuzungumza na kampuni hiyo kwa masharti matano, ambayo tunaomba kamati zenu ziyajadili:

1. Maandishi yote yaandaliwe na maafisa ugani na wataalamu wa serikali pamoja na ofisi yetu. Kampuni ionyeshwe nakala, itoe maoni kama mtu mwingine yeyote, lakini isiwe na kura ya kuidhinisha.

2. Dawa zikitajwa, zitajwe kwa jina la kiini chake na siyo jina la biashara, na ziwe zile tu zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Picha za bidhaa zisiwemo. Jina la kampuni liandikwe ukurasa wa nyuma, katika sentensi moja inayosema imechangia uchapaji.

3. Mafunzo ya viongozi wa vikundi yaendeshwe na maafisa ugani. Kampuni ikitaka kuonyesha bidhaa zake, ipewe siku nyingine pamoja na kampuni nyingine zinazotaka kuja, na wakulima waambiwe kwamba hiyo ni siku ya wauzaji.

4. Orodha ya majina na simu isitolewe. Wanavikundi walitupatia namba zao ili tuwajulishe mikutano na taarifa za mvua. Aidha, tangu mwaka 2023 nchi yetu inatekeleza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za mtu haziwezi kupitishwa mkononi kama orodha ya magunia. Mkulima anayependa kupigiwa simu na kampuni atawapa mwenyewe.

5. Michoro na maandishi yabaki kuwa mali ya dayosisi, na upande unaotaka kujitoa utoe taarifa msimu mzima kabla.

Huenda kampuni itakubali. Yapo makampuni yenye hekima ya kuona kwamba mkulima aliyeshauriwa vizuri ni mteja wa muda mrefu. Huenda itakataa, na ikikataa tutajua ilichokuwa inanunua. Hapo itabidi tuchape vipeperushi vichache zaidi, vya rangi moja, na kubandika vingine kwenye mbao za matangazo za sharika na ofisi za vijiji. Tumekwisha kufanya hesabu. Inawezekana kugawa kimoja kwa kila kikundi badala ya kimoja kwa kila kaya. Ni upungufu, lakini ni upungufu tunaoweza kuueleza kwa wakulima bila kuona haya.

Kwa kamati za sharika tuna ombi moja. Mfanyabiashara akija moja kwa moja kwenu na zawadi ya fulana, kofia au mabomba ya kupulizia, msimfukuze na msimpe meza ya matangazo. Mwambieni utaratibu upo, aandike kwa ofisi. Kisha mtuulize. Kuuliza si ujinga.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi pia, na tunalitoa kwa heshima na upendo. Katika fomu nyingi za maombi ya siku hizi ipo sehemu inayouliza ni kwa namna gani mradi utaishirikisha sekta binafsi. Ni swali zuri. Tunaomba liongezewe la pili: ni nani atakayeandika ushauri, na nani atalipa siku kampuni itakapoondoka? Habari ya kuvu ya nzige inatuonyesha kwamba wafadhili walilipia utafiti kwa zaidi ya miaka kumi, lakini nzige waliporudi, ghala halikuwa na dawa ya kutosha. Kazi ya kuweka akiba, kusahihisha taarifa kila msimu na kumlipia nauli afisa ugani asiyeuza kitu haina mvuto katika ripoti. Hata hivyo ndiyo inayofanya kila kitu kingine kiwe na maana, na hakuna kampuni itakayoilipia kwa niaba yetu.

Fomu za maoni mmezipata mlangoni. Tunaomba kila kamati irudishe yake ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, hata kama maoni yenu yanapingana na haya tuliyosema. Tutaijibu barua ya kampuni baada ya kuyasoma yote, na nakala ya jibu letu tutaileta kwenu.